Bandari Iliyochorwa Mlangoni

Mji wenyewe uko hivi. Mbele kuna ziwa lililotulia. Pembeni kuna daraja la mawe lenye matao mawili, pengine matatu. Ng'ambo ya daraja imesimama ngome yenye minara ya duara, mapaa mekundu yaliyochongoka na madirisha meusi membamba. Nyuma yake kuna milima ya buluu, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyofifia. Ziwani inaelea mashua moja yenye tanga jeupe. Kutoka chini ya picha inaanza njia ya udongo, inapinda kidogo, kisha inaishia langoni. Watu hawamo. Mji huu hauna jina wala haumo katika ramani yoyote, lakini kwa zaidi ya miaka 150 mafundi wameuchora tena na tena kwenye milango ya mashua za mizigo zilizokuwa zikipita katikati ya Birmingham.

Ukimwambia mtu wa Mombasa au wa Unguja kwamba Birmingham ni mji wa bandari, atakucheka, na ana haki. Katika Uingereza nzima hakuna mahali palipo zaidi ya kilomita 113 hivi kutoka baharini, na mahali penyewe panapotajwa kuwa mbali kuliko pote, kitongoji cha Coton in the Elms, si mbali na Birmingham. Mji umekaa juu ya kilima, wala hauna mto wa maana. Rea ni kijito ambacho wenyeji wengi hukivuka bila kujua wamevuka kitu. Kwa hiyo maji yaliletwa kwa majembe. Mwaka 1769 mfereji uliobuniwa na mhandisi James Brindley uliingiza mkaa wa mawe kutoka machimbo ya Wednesbury. Kufika 1772 ulikuwa umeunganishwa na mifereji mingine karibu na Wolverhampton, na kupitia huko na mito inayomwaga baharini. Ulipofika wakati wa neema, mtandao wa mifereji ya Birmingham na viunga vyake ulikuwa na urefu wa kilomita 257 hivi, na karibu kilomita 160 bado zinapitika. Maji ya mfereji mkuu yako mita 138 juu ya usawa wa bahari. Basi chombo chochote kilichotoka upande wa bahari kuingia mjini kilipandishwa kwa malango ya maji, ngazi kwa ngazi. Katika Farmer's Bridge peke yake yapo malango kumi na matatu yaliyofuatana, na wanamaji waliyavuka usiku na mchana, mvua na theluji.

Katikati ya mji, mahali paitwapo Gas Street Basin, kuna ukuta wa mawe ndani ya maji ambao wageni huupita wakidhani ni gati tu. Huo ndio Worcester Bar. Kampuni mbili za mifereji zilikutana hapo mwishoni mwa karne ya 18. Ile ya zamani iliogopa kwamba jirani yake mpya angeyanywa maji yake, ikakataa kuunganishwa. Ukuta wa upana wa mita mbili na kitu ukawekwa kati yao, na kwa karibu miaka 20 wapagazi walihamisha mizigo kwa mabega kutoka mashua iliyo upande huu kwenda mashua iliyo upande ule. Lango lilikuja kufunguliwa 1815. Na ukishuka chini ya madaraja ya zamani, pitisha mkono kwenye pembe zake: utagusa chuma chenye mifuo mirefu, mingine ya kuingiza kidole kizima. Hakuna aliyeichonga. Ni kamba zilizokuwa zikivutwa na farasi, zimelowa maji na kubeba mchanga, zikasugua chuma mwaka baada ya mwaka.

Watu wa Birmingham wakitaka kukusimulia kuhusu miji ya kubuni, watakupeleka kwa mwandishi Tolkien. Mwandishi huyo alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, akaletwa hapa angali mdogo, na mwaka 1896 mama yake akahamia Sarehole, kando ya kinu cha maji ambacho kipo hadi leo. Alipokua aliziandika bandari zake za kubuni kwa lugha zao na nasaba za wafalme wao, na dunia nzima ikazisoma. Simnyimi sifa zake. Lakini bandari ya mlangoni ilitangulia, na iliishi mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Hiyo ndiyo inayonivuta.

Mashua zenyewe ni nyembamba ajabu: urefu wa mita 21, upana wa mita 2 na kidogo tu, kwa kuwa ndio upana wa malango ya maji. Karibu urefu wote ni wa mzigo. Nyuma, kwenye tezi, kuna kijumba cha mita tatu hivi. Reli zilipoanza kunyang'anya mifereji biashara katika karne ya 19, malipo yalishuka, na wanamaji wengi wakaacha nyumba za nchi kavu na kuhamia mashuani na wake na watoto ili wasilipe vibarua wala kodi. Katika mita hizo tatu familia ilipika, ililala, ilizaa na kulea. Jiko la chuma limekaa upande wa kushoto unapoingia, kitanda kikuu kinakunjwa mchana na kuingia kabatini, sahani zenye matundu ya urembo zimening'inizwa kwa utepe, na vitasa vya shaba vimesuguliwa mpaka vinang'aa. Hali ya vijumba hivi iliwasumbua wabunge, wakapitisha sheria ya 1877: kila mashua ya kuishi iandikishwe, ikaguliwe, na namba yake ipakwe ubavuni pamoja na jina la mji ilikoandikishwa. Ndiyo sababu katika picha za zamani unaliona jina la Birmingham kwa herufi nene kwenye mbao.

Sasa tazama ngome imewekwa wapi. Inachorwa upande wa ndani wa milango miwili midogo ya nyuma, juu ya kila mlango ngome, chini yake shada la mawaridi. Mashua ikiwa safarini, milango hufunguliwa na kulala nyuma, kwa hiyo picha inaelekea kule mashua inakotoka. Aliyeshika usukani amesimama katikati ya milango, haioni. Anayeiona ni yule anayemfuata, mara nyingi mkewe au mwanawe kwenye mashua ya pili inayokokotwa. Usiku ukiingia na baridi ikawafungisha milango, ule mji hugeuka ndani, na hapo familia hukaa nao. Ngome nyingine hupakwa kwenye kabati la chakula ambalo mlango wake ukishushwa huwa ndio meza. Watu wakila, upande wenye picha unatazama chini na mji haupo. Wakimaliza, wakiinua meza, umerudi.

Naam, ufundi. Kila nikiutazama unanivutia kwa jambo lile lile: kila kitu kilichomo katika mji ule kimo kwa sababu brashi ilikiweza kwa mpigo mmoja. Wengi husema hizi ni ndoto za watu maskini waliotamani makasri. Huenda. Lakini ndoto haielezi kwa nini madirisha yote yana umbo moja. Brashi inaeleza.

Anza na waridi, maana ndipo kila mwanafunzi anapoanzia. Fundi hupaka kwanza madoa ya duara, meusimeusi, yaliyobanana kama sarafu zilizomwagwa mezani. Waridi jekundu hupewa duara la damu ya mzee, la njano hupewa la hudhurungi au rangi ya chungwa iliyokolea, jeupe hupewa la waridi iliyofifia. Majani ya kijani kibichi kizito hupigwa kandokando. Halafu kazi huachwa ikauke, mara nyingi mpaka kesho, kwa sababu rangi ni ya mafuta na haitaki kusukumwa. Siku ya pili fundi huweka kivuli kidogo mahali patakapokuwa moyo wa ua. Kisha zinakuja petali.

Hapo ndipo pa kusogeza macho. Brashi ni ya manyoya laini marefu, iliyochongoka ncha, ya aina wanayotumia waandika mabango. Fundi huichovya, huigeuzageuza kwenye kigae mpaka rangi ienee sawasawa, isiwe nzito ya kukwama wala nyepesi ya kutiririka. Anaegemeza kidole kidogo ubaoni, kiwe mhimili. Ncha inagusa, mkono unakandamiza, tumbo la brashi linatanuka. Mkono unazunguka kidogo huku ukiinuka, na petali imekwisha: pana upande mmoja, imekonda upande wa pili, na ndani yake kuna mistari myembamba iliyoachwa na manyoya. Inafuata ya pili, kisha ya tatu. Za chini huwa kubwa, za ndani ndogo zilizopinda. Katika mipigo minane au tisa duara limekuwa waridi. Vidoa vya njano katikati, mishipa ya njano kwenye majani, basi. Kurudia hairuhusiwi. Petali iliyoguswa mara mbili inachafuka, na jicho lolote la mwanamaji lingeiona kutoka gati la pili. Sisi tuliolelewa na methali ya haraka haraka haina baraka tunapata taabu kidogo kukubali, lakini ua hili baraka yake imo katika haraka. Subira yote imetumika kabla, katika miaka ya kuzoeza kiganja na katika kungoja tabaka la chini likauke.

Hapo pia ndipo unapomjua asiyejua. Mchoraji aliyesomea sanaa akikaa mbele ya mlango wa mashua hutaka kuchora waridi la bustanini, lenye umande na kivuli laini. Linapendeza, na si lenyewe. Waridi la mfereji haliigi ua, linaonyesha mpigo. Chelezo moja ya kutengenezea mashua ilitofautiana na nyingine kwa namna mafundi wake walivyopanga mipigo hiyo, na wajuzi walisoma mawaridi kama sisi tunavyosoma mwandiko. Frank Nurser wa Braunston, kijiji kilicho kwenye makutano ya mifereji kusini-mashariki ya Birmingham, aliacha waridi jepesi, lililofunguka, ambalo mpaka leo linaigwa kuliko yote. Bill Hodgson wa Middleport, kwenye nchi ya wafinyanzi wa Staffordshire, aliacha lingine la namna yake. Mtu asingeyachanganya.

Ngome inafuata sheria hiyo hiyo. Anga hupakwa kwanza, buluu juu na njano iliyofifia karibu na upeo, rangi zikichanganywa zingali mbichi kwa brashi pana. Milima huwekwa kabla anga halijakauka kabisa, ndiyo maana kingo zake ni laini na inaonekana iko mbali. Minara ni ya duara kwa sababu mnara wa duara ni mpigo mmoja mpana wa rangi nyepesi na mwingine mwembamba wa rangi nzito ubavuni kabla ya wa kwanza kukauka: papo hapo ukuta umevimba. Mnara wa pembe nne ungetaka rula na hesabu. Dirisha ni mguso mmoja mweusi. Paa ni mipigo miwili ya wekundu. Miti hudonolewa kwa brashi kuukuu iliyokwisha manyoya, kwanza kijani kizito, juu yake kijani cha ndimu. Tanga la mashua ni mpigo mmoja wa pembetatu. Na hao watu wasiokuwemo? Binadamu, hata mdogo kama punje ya mchele, anataka mipigo sita na uangalifu, na mashua iliyopandishwa chelezoni haiingizi senti. Mwenyewe anataka irudi majini. Kwa hiyo mji ukabaki bila wenyeji.

Yamo mengine ya kuchekesha mtu akitazama kwa makini. Hizi mashua za mfereji kwa kawaida hazikuwa na tanga. Zilivutwa na farasi, nyumbu au punda, baadaye zikawa na mvuke na dizeli. Bado ile ya kwenye picha ina tanga siku zote. Eneo la Birmingham halina milima ya kupambwa na theluji, lina vilima na, enzi hizo, mabomba ya moshi. Mwanamaji alipita Tipton na Smethwick, nchi iliyoitwa Nyeusi (Black Country), wengi husema kwa masizi yake, akiwa amebeba ziwa la buluu mgongoni.

Mji huu ulitoka wapi? Zimetajwa sehemu nyingi: Wajerumani, Waholanzi, Waturuki, hata Waroma wa misafara. Mimi nashikilia jibu lililo karibu zaidi, kwa sababu ushahidi wake unaonekana mkononi. Tangu karne ya 18 Birmingham na jirani zake Bilston na Wolverhampton walikuwa mabingwa wa kutengeneza masinia ya chai yaliyopakwa vanishi nyeusi, yakaokwa tanurini tabaka baada ya tabaka, kisha yakapambwa kwa maua na mandhari. John Baskerville, ambaye wachapishaji wanamjua kwa herufi zake, utajiri wake wa kwanza aliupata kwenye biashara hiyo. Henry Clay alipata hataza yake ya kutengeneza bidhaa kama hizo kwa karatasi iliyogandishwa mwaka 1772. Miaka hiyo hiyo warsha za Birmingham zilianza kutoa nyuso nyeupe za saa ndefu za kusimama zilizorembwa mawaridi pembeni, na juu mandhari ya magofu na maji. Mafundi wa sinia na wa saa walilipwa kwa idadi ya vipande, kwa hiyo walikuwa na mkono ule ule: duara, kivuli, mpigo, songa mbele. Na mwaka 1858 mwandishi John Hollingshead alipanda mashua ya mizigo na kuandika safari yake katika Household Words, jarida la Charles Dickens. Aliyakuta yote yamekwisha kuwepo, ziwa, ngome, mashua ya tanga na safu ya milima, na utani wake ulikuwa kwamba hiyo ni sanaa ya masinia ya chai. Alikuwa akitania. Nadhani alisema kweli.

Msomaji wa Dar es Salaam atakuwa ameshamkumbuka mtu. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuuza picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960, naye alitumia rangi ya mafuta ya dukani, ya kupaka baiskeli, juu ya mbao za bei nafuu. Wanafunzi wake walishika mkono wake, wakarudia chui na ndege wale wale, na kila mmoja akajulikana kwa namna alivyopiga doa. Alifariki 1972 na shule yake bado inachora. Na Mombasa kwenye kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990, wapiga picha waliweka vibanda vyenye mapazia ya mandhari, meli na ndege na majumba ya mbali, ili abiria apigwe picha akiwa mahali asipopafika. Watu waliokaa kwenye njia ya kupita wana tabia hii ya kutaka pa kufikia papambwe. Tofauti ni kwamba Tingatinga aliheshimiwa katika majumba ya sanaa ya dunia akiwa amekwisha kufa, na wachoraji wa mifereji kwa muda mrefu waliandikwa kama kichekesho.

Nisije nikaipamba Birmingham kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mashua zilizofanya kazi ndani ya mji huu zilikuwa za kutwa, za mkaa na takataka, zisizo na kijumba cha kulala wala ua hata moja, lami tupu. Rangi ilikuwa ya mashua za safari ndefu. Hata Fellows, Morton & Clayton, kampuni kubwa kuliko zote iliyoundwa 1889 na kuwa na makao yake Birmingham na chelezo yake Saltley, kwa miaka mingi ilipaka vyombo vyake nyeusi na nyeupe kwa nje. Lakini ndani ya kijumba, mahali mhasibu asipochungulia, ngome ilikaa. Ndoo ya maji ya kunywa iliyowekwa juu ya paa ilirembwa mawaridi pande zote. Mti wa usukani ulizungushiwa mistari ya rangi. Na farasi mpendwa akifa, kuna waliokata mkia wake na kuupigilia juu ya usukani, ukaendelea na safari.

Kampuni hiyo ilifungwa 1948, mwaka mifereji mingi ilipotaifishwa. Baridi kali ya 1962 hadi 1963 iligandisha maji kwa wiki nyingi, wateja wakahamia malori, na wengi hawakurudi. Familia zikapewa nyumba za serikali. Walionunua mashua baadaye walikuwa watu wa mapumziko, na walitaka ngome. Hapo ufundi ulipata wanafunzi wapya ambao hawakuwahi kubeba mkaa. Tony Lewery, mchoraji na mwandishi, alikwenda kuwatafuta wazee, akaandika walivyofanya, na vitabu vyake ndivyo wengi wanavyojifunzia. Wapo wanaolalamika kwamba sasa mawaridi haya yanapatikana kwenye vikombe vya dukani na karatasi za kubandika. Yanapatikana, na ni mabaya. Karatasi haina unene wa rangi, na vidole vikipita juu yake havikuti mpigo.

Ukija Birmingham kumtembelea ndugu, na siku hizi Waswahili hawapungui hapa, mwombe akupeleke Gas Street Basin asubuhi, wakati wenye mashua wamefungua milango kuingiza hewa. Simama upande wa tezi. Usiguse, uliza kwanza. Wengi watakuruhusu na kukueleza nani aliyepaka. Ukiwa na siku nzima, nenda Black Country Living Museum kule Dudley. Mashua ya mvuke President iliyoundwa Saltley mwaka 1909 ina makao yake huko, na ikiwa haiko safarini utaiona kwenye maji.